Kigae Katika Pete: Masonara wa Lamu na Asili ya Nakshi Zao

Apitaye vichochoro vya mji wa Lamu baada ya sala ya alasiri, wakati punda wanapopanda kutoka gatini na mizigo yao, hakosi kusikia mahali fulani mlio mwepesi wa nyundo juu ya fuawe, usio na haraka wala kishindo. Na akiufuata mlio huo atakikuta kiduka chembamba ambamo sonara ameketi, tupa na koleo zimetandazwa mbele yake, na pembeni mwake kopo lililojaa vigae vya sahani, vingine vyeupe kama nyama ya nazi, vingine vimechorwa majani na maua kwa rangi ya samawati. Mgeni hudhani ni takataka zinazongoja kutupwa, ilhali ndiyo johari ya fundi: kila kigae kimekusudiwa kuwa kito cha pete.

Ufundi wa kufua fedha katika visiwa hivi ni wa zamani mno. Magofu ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, yaliyochimbuliwa na Mark Horton na wenzake katika miaka ya 1980, yalitoa sarafu ndogo ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu, zilizopigwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Baadaye, katika karne ya 19, masonara wa pwani waliyeyusha reale ya Sham, ile sarafu nzito yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, iliyoendelea kutiwa chapa ya mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, hata baada ya yeye kukaa kaburini miaka mia na zaidi. Uzani wake ulikuwa gramu 28 na kitu, na katika kila sehemu 1,000 sehemu 833 zilikuwa fedha halisi. Kwa hiyo mwanamke aliyempelekea sonara reale zake akafuliwa mitali ya miguuni au timbi za mikononi hakuwa akijipamba tu, bali alikuwa akiihifadhi akiba yake, maana kwa sharia pambo la mke ni mali yake mwenyewe.

Amma nakshi zenyewe, sonara hazizushi kutoka hewani. Kipini cha puani hufuata ua, mkufu hufuata mnyororo uliochongwa kandokando ya miimo ya mlango, na pete ya mwanamume hufuliwa kwa fedha kwa kuwa dhahabu ameharamishiwa, na aghalabu hutiwa akiki, kwa kumkumbuka Mtume (s.a.w.), ambaye pete yake ya fedha ilikuwa ndiyo muhuri wake. Lakini pete ya kigae ina habari ndefu kuliko hizi zote.

Wenye majumba ya mawe wa zamani walijenga katika ukuta wa chumba cha ndani safu za zidaka za chokaa, wakapanga humo sahani na mabakuli ya kauri kutoka China. Na waliposimamisha makaburi ya watu wakubwa, kama lile la nguzo lililoko Mambrui, waliyapachika mabakuli ya namna hiyo hiyo ndani ya chokaa. Chombo kikivunjika kilitupwa, na bahari ikavisugua vipande vyake mpaka kingo zikawa butu. Rangi haikutoka, kwa sababu mfinyanzi aliichora chini ya ule utando wa kioo, kisha akavichoma vyote pamoja tanurini. Na rangi yenyewe, iitwayo kobalti, wafinyanzi wa China wa karne ya 14 waliiagiza kutoka Iran. Basi na ifikiriwe safari yake: imechimbwa Iran, imesagwa China, imevuka bahari mara ya pili ikaletwa pwani kwa pepo za kaskazi, imekaa kidakani, imeanguka, imelala mchangani, na leo inainukia kidoleni.

Nilimtazama fundi mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Kwanza alikigeuza kigae mara nyingi mkononi, akitafuta mahali ambapo ua lingekaa katikati, kisha akakimega kwa koleo kidogo kidogo, akakisugua kwenye jiwe lililoloweshwa maji hadi kikawa na umbo la yai. Hapo, alinieleza, ndipo kigae kinapofichua asili yake: kauri ya kweli ni ngumu, na pale ilipovunjika ni nyeupe na laini, ilhali chombo cha udongo wa kawaida hutoa vumbi la manjano na rangi yake ya juu hubanduka. Akayeyusha fedha, akaimimina kalibuni, akaifua iwe utepe; na kila ilipokaza chini ya nyundo aliirudisha motoni ilainike, kwani fedha inayofuliwa bila kulainishwa hupasuka. Duara la pete na kitako chake aliviunga kwa lihamu. Kigae alikitia mwisho kabisa, kazi ya moto ikiwa imekwisha, maana joto la ghafula lingekipasua. Akaulaza ukingo wa fedha juu yake pole pole, upande huu kisha upande wa pili, mpaka hata ukucha ukawa haupiti.

Sina budi kusema pia lenye kuniuma. Yako makaburi ya kale ambayo leo yamebaki na matundu matupu katika chokaa, kwa kuwa watu wameyang'oa mabakuli yake; na wako wanaochimba magofuni kutafuta vigae vya kuuza. Sheria ya makumbusho na turathi ya Kenya, ya mwaka 2006, inavihesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na hekima yake ni dhahiri: kigae kilichoachwa pale kilipoangukia humwambia mchimbuzi umri wa ukuta uliokifunika, na kikishaondolewa huwa bubu. Fundi niliyemtazama hapokei kitu cha kaburini, naye huridhika na sahani zilizovunjika majumbani, hata za juzi na jana. Kwangu mimi hizo ndizo pete nzuri zaidi.

Jioni ile aliingia mama mmoja wa makamo, akafungua leso iliyokuwa na vigae viwili.

"Mwanangu," alisema, "hii ni sahani ya marehemu mama, imeanguka kidakani. Nami nina mabinti wawili, mmoja yuko Mombasa, mmoja ameolewa Maskati. Nifulie pete mbili."

Sonara aliviunganisha vigae chini ya taa. Ua moja lilikuwa limepasuka katikati, nusu huku na nusu huku. Akamshauri kwa adabu kwamba ingependeza zaidi kuvizungusha vyote viwili.

"Zungusha pande nyingine, lakini hapa kwenye mpasuko usipaguse," alijibu. "Wakikutana, waziweke pamoja."

"Inshallah, mama."

Akachukua kalamu ya risasi, akautia alama ukingo ule usiotakiwa kuguswa na tupa, kwanza kwenye kigae hiki, kisha kwenye mwenziwe, akavikunja kila kimoja katika karatasi yake.