Diski ya Matabaka Mawili

Mpiga video ana mkanda wa harusi wenye urefu wa saa tatu. Diski ya kawaida ya DVD, yenye gigabaiti 4.7, haiutoshi. Muuza duka anampa ya matabaka mawili, gigabaiti 8.5. Ananunua boksi zima. Nyumbani mashine inaikataa. Je, diski ni mbovu? La hasha.

Diski hizo zilianza kuuzwa mwaka 2004. Tabaka la kwanza hupitisha sehemu tu ya mwanga wa leza ulifikie la pili. Kuandika huko nyuma kwahitaji leza yenye nguvu zaidi na maelekezo maalumu ndani ya mashine. Mashine ya tabaka moja haina hayo. Nyingi huweza kusoma diski iliyokwisha rekodiwa, kwani filamu za dukani zilikuwa na matabaka mawili tangu miaka ya 1990. Lakini kusoma siko kuandika.

Basi kabla ya kutoa fedha, tazama mlango wa mashine yako, au kitabu chake. Usipoona herufi DL, nunua diski mbili za kawaida uigawe harusi. Yenye DL huandika aina zote mbili. Kuuliza si ujinga.