Sauti ya Siti, kutoka santuri hadi kompyuta
Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipotoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, sauti yake iligeuzwa mfereji mwembamba kwenye sahani ya santuri, ukifuata kila wimbi bila kukatika. Wapenzi wa santuri hushikilia hapo: dijitali, wanasema, huikatakata sauti ikapoteza uhai. Lakini sidii hupima wimbi mara 44,100 kwa sekunde, na kihesabu vipimo hivyo vinatosha kulirudisha zima hadi masafa ya juu kabisa yanayosikika na binadamu. Utamu wanaousifu upo kweli, ila huongezwa na chombo chenyewe, na kuupenda si kosa.

Mbona basi taarabu nyingi za kwenye simu zinaumiza masikio? Kwa sababu faili limebanwa mno, au lilinakiliwa kutoka kaseti iliyochoka. Lawama ni ya mnakili. Tena, kwa unyevu wa Mji Mkongwe wa Unguja kanda huota ukungu, na kila sindano ipitapo santuri hulika. Faili lililotunzwa vyema hunakiliwa tena na tena bila kupungua. Hata hivyo santuri zisitupwe hata moja, maana kikipatikana chombo bora cha kuzisoma, ni hizo zitakazorudiwa.