Kupata Mwili: Unene, Wembamba na Mizani ya Maneno ya Kiswahili

Utangulizi

Katika Kiswahili, mtu aliyenenepa husemwa kuwa amepata mwili. Usemi huu umezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaojiuliza unasema nini. Iwapo kunenepa ni kupata mwili, mwembamba naye anaishi katika nini? Aliyekonda, kwa upande wake, huambiwa kuwa amepungua, amekwisha, au amebaki mifupa mitupu. Wasemaji wa lugha hawakuhitaji mizani wala utepe wa fundi cherehani ili kutoa hukumu hii. Hukumu imo katika vitenzi vyenyewe.

Hata hivyo, hukumu hiyo haisafiri salama. Mama wa Mombasa anayemlaki jirani aliyetoka safari kwa kumwambia, "Mashallah, umenenepa," anampongeza: huko alikokuwa hakulala njaa, hakuugua, wala hakuwa na dhiki. Mama huyohuyo akiyatamka maneno hayo kwa Kiingereza mbele ya mwenyeji wake wa London, yamkini atachukuliwa kuwa amemtusi. Tafsiri itakuwa sahihi na nia itakuwa njema, lakini mahali pamebadilika.

Makala haya yanadhamiria kueleza ni kwa nini umbo moja la mwili husifiwa hapa na kulaumiwa kule. Hoja yake kuu ni kwamba maneno ya umbo hayapimi mwili pekee, bali hupima hali iliyouzunguka mwili huo: shibe, siha, mali na haki. Hali hiyo ikibadilika, maana ya unene na wembamba hubadilika pia, ilhali maneno ya kuitaja hukawia nyuma. Kukawia huko kuna madhara, hasa pale mgonjwa na mhudumu wa afya wanapokutana.

Msamiati wa Shibe

Kivumishi -nene chenyewe hakisifu wala hakilaumu. Husemwa kitabu kinene, kamba nene, sauti nene. Kivumishi -nono ni tofauti. Kimsingi kilihusu mnyama aliyejaa mafuta, lakini leo husikika zaidi katika mshahara mnono, tuzo nono na donge nono. Mafuta ya mnyama yamekuwa kipimo cha faida. Si ajabu kwamba vijana wengi nchini Kenya humwambia mwenzao "umenona" bila kukumbuka zizi la ng'ombe.

Aidha, kuna vitenzi kunawiri na kustawi, ambavyo hutumika kwa miche shambani na pia kwa watoto na wasichana. Kinyume chake ni kukonda na kudhoofu. Kitenzi hiki cha pili kina asili ya Kiarabu na kinatokana na dhana ya unyonge. Anayedhoofu hukonda na hupoteza nguvu kwa pamoja, kana kwamba mambo hayo mawili hayawezi kutenganishwa. Tashbihi inayofundishwa katika shule za msingi, ya kukonda kama ng'onda, humlinganisha mwembamba na samaki aliyekaushwa juani: kiumbe kilichotolewa maji na uhai.

Desturi za pwani zinathibitisha mkondo huu. Mwari aliyewekwa ndani kabla ya harusi husingwa kwa liwa, huzuiwa kazi za jua na hulishwa vizuri ili atoke akiwa amenawiri. Mama mzazi naye hutunzwa kwa siku arobaini, hupewa uji wenye pilipili manga, na tumbo lake hufungwa mkaja. Neno mkaja pia ni jina la fungu ambalo bwana harusi humtolea mama wa mkewe. Kwa njia hiyo, mwili wa mama uliozaa na kulea unakumbukwa na kulipiwa heshima. Katika mazingira haya, mwili uliojaa ni ushahidi kwamba kuna watu waliomtunza mwenye mwili huo. Anayemsifu msichana kwa kunenepa huwasifu pia waliomlisha.

Wembamba Ulipokuwa Jina la Kifo

Sababu ya pili ya kuogopa wembamba ni maradhi. Mwaka 1985 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makala ya madaktari wa Uganda na wenzao kuhusu ugonjwa mpya uliokuwa ukiwakondesha watu katika eneo la Rakai. Wenyeji walikuwa tayari wameupa jina. Katika Kiganda uliitwa siliimu, neno lililotoholewa kutokana na neno la Kiingereza slim, lenye maana ya -embamba. Mabadiliko haya ya maana yanastahili kutafakariwa. Neno ambalo katika matangazo ya biashara ya Uingereza na Marekani lilikuwa sifa inayotafutwa kwa gharama, lilifika kando ya Ziwa Viktoria na kuwa jina la kifo.

Kenya ilipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, kukonda ghafla kulikuwa kumekuwa mashtaka. Mtu aliyepungua kwa sababu ya kidonda cha tumbo, kisukari au huzuni alinong'onezwa kama aliyeambukizwa virusi. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kuwafikia wengi katika muongo uliofuata, "umenenepa" likawa neno la afueni kubwa zaidi kuliko awali: umepona, umerudi kwetu. Baadaye dawa mojawapo za awali, stavudini, iligunduliwa kuwa huwaondolea baadhi ya watumiaji mafuta ya mashavuni na miguuni, na hivyo kuwarejeshea sura ile waliyoikimbia. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 kwamba nchi ziache kuitumia hatua kwa hatua. Kwa jamii iliyopitia miaka hiyo, kumwambia mtu apunguze mwili si ushauri mwepesi.

Kitambi na Kupe

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudai kwamba Waswahili husifu unene daima. Katika lugha ya siasa ya Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967, mnyonyaji aliitwa kupe, mdudu anayevimba kwa damu ya mwingine. Nchini Kenya, kitenzi kula kina maana ya pili inayoeleweka na kila mpiga kura, na wachoraji wa vibonzo huwapa viongozi wafisadi vitambi vinavyotangulia mbele yao. Mwili uleule unaosifiwa sebuleni unashtakiwa jukwaani. Tofauti haimo katika kilo, bali katika swali: shibe hii imetoka wapi, na nani alilala njaa ili ipatikane?

Fasihi ya Ulaya nayo ina mfano unaofahamika kwa wasomaji wa Kiswahili. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, na kuirekebisha mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari, mtawala wa Roma anataka azungukwe na watu wanene wanaolala usingizi, na anamwogopa Kasio kwa sababu amekonda na anafikiri mno. Hofu ya Kaizari ni hofu ya mwenye shibe kwa mwenye njaa. Ni wazi, basi, kwamba Uingereza ya mwisho wa karne ya 16 ilikuwa na uwezo wa kuusoma unene kuwa utulivu na wema. Dharau ya leo kwa unene haikuwa tabia ya kudumu ya Wazungu.

Mali Inapobadilisha Kipimo

Ni nini basi kilichobadilisha mambo? Mwaka 1989 wataalamu wawili wa Marekani, Jeffery Sobal na Albert Stunkard, walikusanya na kulinganisha tafiti 144 kuhusu unene na tabaka. Waligundua kwamba katika nchi tajiri, wanawake wa tabaka la juu walikuwa wembamba zaidi kuliko maskini, ilhali katika nchi zinazoendelea, wenye mali ndio waliokuwa wanene. Maelezo yake si magumu. Pale chakula kinapokuwa adimu, unene ni ghali. Pale mafuta na sukari vinapokuwa rahisi kuliko mboga na muda wa mazoezi, wembamba ndio unaokuwa ghali. Katika hali zote mbili kinachosifiwa ni kile ambacho maskini hana.

Mifano miwili inaonyesha jinsi kipimo hiki kinavyoweza kuumiza pande zote. Nchini Mauritania, miongoni mwa Wamoor, kulikuwa na desturi iitwayo leblouh, ambapo wasichana wadogo walilazimishwa kunywa maziwa na kula kupita uwezo wao ili wanenepe na kuolewa mapema. Wanawake wa nchi hiyo wameipinga kwa miaka mingi, ingawa haijakoma kabisa. Mfano wa pili ni Fiji, ambako mwili uliojaa ulithaminiwa na kukosa hamu ya kula kulihesabiwa kuwa ugonjwa unaohitaji dawa. Televisheni iliingia katika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, kisha akahoji kundi jingine mwaka 1998. Mwanzoni hakukuwa na hata mmoja aliyesema kuwa hujitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye, asilimia 11.3 walisema hivyo. Msichana wa Mauritania alijazwa na wa Fiji akajitapisha, na kila mmoja alikuwa akitii macho ya wengine.

Tarakimu Nazo Zina Kwao

Huenda ikadhaniwa kwamba sayansi imeepuka mtego huu kwa kutumia hesabu. Kanuni inayotumika hospitalini, ya kugawa uzito wa mtu kwa kipeo cha pili cha urefu wake, ilitungwa na Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830. Yeye hakuwa daktari, wala hakuwa akitafuta maradhi. Alitaka kumjua mtu wa wastani. Mwaka 1972 Ancel Keys wa Marekani na wenzake waliipendekeza kanuni hiyo itumike kukadiria mafuta ya mwili. Leo, anayefika 25 huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, na anayefika 30 huingizwa katika kundi la unene wa kupindukia.

Mipaka hii nayo imesogezwa. Mwaka 1998 taasisi za afya za Marekani ziliteremsha mpaka wa kwanza kutoka takriban 27 hadi 25, na mamilioni ya watu wakawa na uzito uliozidi bila kuongeza hata gramu moja. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza 23 na 27.5 kama viwango vya ziada vya kuchukulia hatua katika nchi za Asia, kwa kuwa huko kisukari hujitokeza mapema. Isitoshe, watu wenye miguu mirefu ikilinganishwa na kiwiliwili, kama walivyo wengi miongoni mwa Waturkana na Wadinka, hupata tarakimu ndogo hata wakiwa na afya njema.

Haya hayamaanishi kwamba hatari ni ya kubuni. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya nchini Kenya ulionyesha kuwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 25 mwaka 2008-09 na asilimia 33 mwaka 2014. Shinikizo la damu na kisukari havijali kama mwenye mwili alisifiwa au alichekwa.

Tatizo la Istilahi

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika moja kwa moja. Mhudumu wa zahanati anayemwambia mama wa makamo "umenenepa" anadhani ametoa onyo, na mama anashukuru. Neno limefika, lakini onyo limebaki njiani.

Istilahi zilizopendekezwa nazo zina kasoro zake. Nchini Tanzania maandishi ya afya hutumia kiribatumbo, neno linalotokana na kiriba, yaani mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Wengine hutumia utipwatipwa, neno ambalo mlio wake unaigiza nyama inayotikisika. Maneno haya ni hodari kwa utani, na ndiyo sababu hayafai kuandikwa katika cheti cha mgonjwa. Yanachora umbo na kulicheka. Anayechekwa hujificha, na anayejificha hapimwi shinikizo la damu.

Kiswahili kimewahi kulitatua tatizo la aina hii. Wakati majirani waliuita ugonjwa mpya kwa umbo la wagonjwa wake, Kiswahili kiliunda Ukimwi, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Jina hili linataja kilichoharibika ndani na halisemi lolote kuhusu sura ya nje. Halikuondoa unyanyapaa, lakini liliwawezesha walimu na wahudumu kueleza chanzo. Kwa kufuata mfano huo, "uzito uliozidi" lina faida kuliko kiribatumbo. Faida hiyo itakuwa kubwa zaidi iwapo mhudumu ataendelea kueleza uzito huo unaulemea moyo, unapandisha sukari, au unaumiza magoti.

Hitimisho

Imebainika kwamba hakuna jamii iliyouona mwili bila kuuona kupitia njaa yake, maradhi yake na mgawanyo wake wa mali. Waswahili waliita unene "kupata mwili" kwa sababu walijua kuukosa. Watungaji wa istilahi, wafasiri na waandishi wa vitabu vya afya hawana budi kuijua historia hiyo kabla ya kuchagua neno, kwani pongezi za nyumbani na onyo la daktari sasa hutumia kitenzi kimoja. Kuvitenganisha viwili hivi bila kumvunjia mtu heshima ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya dawa, na ni kazi inayowangoja wale wanaosomea Kiswahili.