Mteja Akitaka Ski ya Slalomu ya Bei ya Kati, Usitaje Bei Kwanza

Wauzaji wenzangu, leo tuongelee bidhaa ambayo wengi wetu hatuiweki dukani lakini wateja wake wapo: ski ya maji, ile moja ya kusimama mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Hiyo ndiyo slalomu. Ukiuza vifaa vya bahari mtandaoni, kuanzia Diani mpaka Malindi, iko siku ujumbe utaingia: "Boss, slalomu iko? Bei ya mwisho ngapi?"

Ukijibu bei kabla hujauliza chochote umeshaanza vibaya. Hii si bidhaa ya saizi moja kwa wote. Ski moja tu ya bei ya kati inaweza kukalia mtaji wako wa sh 70,000 na zaidi, na haiuziki kama kandambili kwamba huyu akikataa atapita mwingine. Mteja akipata saizi isiyo yake, ama atakurudishia, ama atakaa nayo ndani na kukusema kwa kila mwenye boti anayemjua. Na wenye boti huku wanajuana.

Mimi hizi mambo sikufundishwa na mtu. Nimesoma chati za watengenezaji, nimeshika ski za mitumba, nimekaa na vijana wanaoendesha boti za hoteli nikawauliza. Nawapa nilichokusanya.

Kwanza mjue mteja wako ni nani. Mashindano ya slalomu yana njia yake ya maboya 6 ya kuzunguka, na boti inakimbia mpaka kilomita 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Ski za bei ya juu zimetengenezwa kwa ajili ya hao. Ni nyembamba, ngumu, nyepesi, kaboni tupu, na zinageuka kwa haraka ajabu. Mteja wetu si huyo. Mteja wetu ni mtu wa Jumapili asubuhi kwenye hori ya Mtwapa au Kilifi, maji yakiwa bado yametulia. Anavutwa na boti ya rafiki yake, anakata mawimbi ya boti kulia na kushoto, anafurahi, anarudi kula samaki. Boti yake inakwenda kilomita 42 hadi 51 kwa saa, basi.

Sasa mpe huyo ski ya mashindano uone. Kwa mwendo huo mdogo inazama mkia, kuinuka kwenye maji inakuwa vita, na kila kosa dogo la mguu linamwangusha. Atalipa mara mbili ili apate taabu. Ndiyo maana nasema bei ya kati kwa mteja wa kawaida ndiyo mahali pake hasa, asione aibu kwamba amekosa hela ya ile ya juu.

Kwa dola, ski mpya ya daraja la kati huko Marekani, bila viatu, iko kama 500 hadi 900. Za juu kabisa zinapita 1,500. Ukienda chini ya hapo unapata nzito za kujifunzia, ambazo mara nyingi huuzwa pamoja na viatu vyake. Si mbaya, ila mtu akishazoea ataichoka upesi. Majina utakayokutana nayo sana ni HO, Radar, Connelly na O'Brien. Kwenye daraja hili la kati utaona mfano wa HO Omni au Radar Senate. Angalia lakini: jina moja linaweza kutoka kwa ujenzi tofauti, faiba ya kawaida na kaboni, umbo lilelile na bei mbalimbali. Usimwambie mteja "hii ni Senate" ukaishia hapo. Soma maandishi yote yaliyoko juu ya ski.

Kinachotofautisha ski ya starehe na ya mashindano utakiona kwa macho yako. Ilaze chini uitazame kutoka juu: ya starehe imejaa zaidi mbele na katikati, upana huo ndio unaomwinua mtu kutoka majini bila kumng'oa mikono. Igeuze tumbo: kuna bonde linalopita kwa urefu. Bonde hilo ndilo linaloshika maji, na kingo za pembeni zikiwa za mviringo ski inaingia kwenye kona taratibu. Halafu itazame ubavuni, utaona imepinda kidogo kama mtumbwi. Mpindo mkubwa unageuka kwa urahisi lakini unapunguza mwendo, mpindo mdogo unakimbia lakini unataka mtu anayejua kazi. Ya bei ya kati huwa imewekwa katikati ya hayo yote. Ndani ni povu gumu, nje faiba iliyochanganywa na kaboni kiasi, kwa hiyo inanepa kidogo na kumsamehe mtu. Maji yakianza kuchafuka, huo mnepo ni rafiki wa magoti.

Saizi sasa, na hapa ndipo biashara inaposimama au kuanguka. Unamuuliza mteja mambo mawili: uzito wake kwa kilo, na boti inamvuta kwa mwendo gani. Urefu wa mtu hauna kazi sana hapa, ingawa kila mteja ataanza kwa kukutajia urefu wake. Kwa mwendo wa kilomita 48 hadi 55 kwa saa, mtu wa kilo 68 hadi 82 huangukia inchi 67. Chini ya kilo 68, inchi 65 au 66. Kilo 82 hadi 95, inchi 68 au 69. Kuzidi hapo nenda 70 au utafute zile pana zaidi. Boti ikiwa ya polepole, panda saizi moja. Chati za kampuni zinapishana kidogo, hivyo fungua chati ya ile ile ski unayouza, usitumie ya HO kwa Radar.

Swali la boti usiliruke. Watu wengi huku wana boti ya faiba na injini ya nje ya HP 40, na boti yenyewe imebeba watu wanne na kreti ya soda. Kuna jamaa alinitumia picha ya ski nyembamba ya kaboni aliyoiona mtandaoni, anaitaka hiyo hiyo. Nikamuuliza uzito, kilo 96. Nikamuuliza injini, HP 40. Nikamwambia kaka, ukiiagiza mimi nitapata faida yangu, lakini wewe utakunywa maji ya hori nzima kabla hujasimama. Akanyamaza siku mbili. Aliporudi tulizungumzia ski pana, na akaleta na shemeji yake.

Uliza pia kama amewahi kusimama kwenye ski moja. Wapo wanaotaka slalomu na hata mbili hawajaziweza. Huyo muuzie pea, ile ambayo moja kati ya hizo mbili ina sehemu ya ziada ya kuingiza mguu wa nyuma. Anajifunza kwa mbili, akikomaa anaacha moja. Ni bei nafuu kwake, na kwako ni mteja wa slalomu wa kesho.

Viatu. Cha mbele kinakumbatia mguu wote. Nyuma kuna mitindo miwili: kiatu kamili, au mkanda tu wa kuchomeka vidole. Kwa mtu wa starehe mimi nasimamia mkanda, kwa sababu anaweza kuuacha mguu wa nyuma nje wakati wa kuanza, ukaburuta majini na kumsaidia asiyumbe, kisha akauingiza akishasimama. Viatu viwili vina utulivu zaidi lakini kuanza navyo kunataka mazoezi. Tena vina hatari yake: mtu akianguka, mguu mmoja ukatoka na mwingine ukabaki umefungwa, kifundo na goti ndivyo vinavyolipa. Vyote vitoke pamoja au vyote vibaki. Kwa hiyo kiatu kisichomtosha mtu usimwambie "kitajilegeza chenyewe". Kinachobana sana hakiachii, kilicholegea kinaachia wakati si wake.

Mguu upi unatangulia? Njia nzuri ya kujua ni akiwa kwenye ski mbili, ainue moja kidogo, kisha nyingine. Ule mguu anaoweza kuuegemea peke yake bila kutetemeka ndio wa mbele. Muulize mapema maana viatu vingine vimetengenezwa kwa mguu mmoja tu, kulia au kushoto.

Mitumba ndiko wengi wetu tunakopata faida, kwa hiyo nikae hapa kidogo. Wageni wanaohama huuza vitu kwa haraka, na ski ya kati iliyotumika misimu mitatu minne bado ni ski nzuri. Lakini hapa Pwani jua na chumvi vinakula vitu hata vikiwa vimekaa stoo. Kabla hujatoa hela fanya hivi. Chukua sarafu, gonga ski kuanzia ncha mpaka mkia. Sauti inatakiwa iwe kavu na ileile. Ukifika mahali sauti inakuwa nzito kama unagonga kadibodi, tabaka zimeachana ndani, iache. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka skrubu za viatu na karibu na pezi, pakibonyea maana yake maji yameshaingia kwenye povu. Ipime kwenye mizani ukiweza, iliyokunywa maji inakuwa nzito kuliko uzito wake wa kawaida na hakuna dawa ya maana. Fungua skrubu moja ya kiatu uirudishe: ikizunguka bila kukaza, nati iliyozama ndani ya ubao imekufa.

Vuta mpira wa kiatu na uukunje. Ukiona nyufa ndogondogo kama kisigino kilichokauka, mpira umekwisha, utapasuka siku ya kwanza. Hilo halikuzuii kununua, ila ni gharama ya kiatu kipya, na uitoe kwenye bei papo hapo, siyo baada ya kulipa. Mikwaruzo ya tumboni isiyofika kwenye nyuzi isikutishe. Pezi lililopinda lina dawa, linabadilishwa. Mkia uliopasuka hauna.

Kwa wanaotaka kuagiza mpya kutoka nje, hesabu inayowachoma watu ni ya usafiri. Kampuni za ndege hazitozi kilo tu, zinatoza na nafasi. Kanuni ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la ski la sentimita 180 kwa 30 kwa 20 linatoka 108,000, ukigawanya unapata kilo 21.6. Ski yenyewe na viatu vyake haifiki hata kilo 8, lakini utalipia karibu 22. Juu yake kuna ushuru wa forodha na VAT ya 16%. Ski ya dola 600, ukichukua dola kwa sh 130, ni sh 78,000 kabla hata haijapanda ndege. Ndiyo sababu mimi siweki mpya dukani. Nachukua oda, mteja analipa nusu kwanza, na kwenye ujumbe tunaandikiana inchi, mfano wa ski, saizi ya kiatu na mguu wa mbele. Ikija na ilivyoandikwa, hakuna kubishana.

Unapoweka posti, usiandike "ski kali bado mpya" na picha moja ya mbele. Piga picha ya tumbo, pezi, ndani ya viatu na maandishi ya saizi. Kisha andika kama hivi:

"Slalomu HO Omni inchi 67, imetumika. Inamfaa mtu wa kilo 68 hadi 82, boti ya kilomita 48 hadi 55 kwa saa. Kiatu cha mbele saizi 41 hadi 45, nyuma mkanda. Mkwaruzo mmoja tumboni, uko kwenye picha ya tatu. Niandikie uzito wako na injini ya boti yako nikuambie kama ni yako."

Sentensi ya mwisho inakupunguzia nusu ya wanaouliza bei ya mwisho, wanaobaki ni wanunuzi.

Kwenye kufunga mzigo wa Nairobi au Naivasha, usilifungue pezi ili boksi liwe dogo. Pezi limepangwa kwa milimita, likirudishwa kiholela ski inabadilika tabia na mteja atadhani umemuuzia mbovu. Lizungushie godoro chakavu, kata kadibodi mbili ngumu uzikabili ubavuni, na uandike juu ya boksi upande upi usiwekewe mzigo mwingine. Ncha ya mbele nayo ivalishe soksi nene, maana ndiyo inayotoboa boksi kwenye buti la basi.