Mamajusi na Sisi wa Kagoma

Hapa Kagoma, Muleba, Tokeo la Bwana, yaani Epifania, linatukuta senene wamebaki kisahani kimoja na wazazi wanahangaikia sare za shule. Wengi huiona sikukuu hii kama mkia wa Noeli. Mimi katekista sikubali. Noeli Mtoto alizaliwa. Kwenye Epifania alionyeshwa kwa mataifa, na hayo mataifa ndiyo sisi.

Mathayo, sura ya 2, hasemi mamajusi waliokuja kumsujudia Mtoto walikuwa watatu wala wafalme. Hesabu hiyo imetokana na zawadi: dhahabu ya mfalme, uvumba wa Mungu, manemane ya maziko. Kinachoniuma ni wale waandishi wa Herode. Walijua kabisa Masiya angezaliwa Bethlehemu, kilomita kama 9 tu kutoka Yerusalemu walikokuwa, lakini hatusomi kwamba walikwenda. Waliopiga magoti ni wageni.

Wageni hao walitutangulia sisi mataifa: mwaka 1960 askofu wa Rutabo, humu humu Muleba, Laurean Rugambwa, alifanywa kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi wa nyakati hizi. Nikiwasimulia watoto hayo, huuliza kama mmoja wa mamajusi alikuwa Mhaya kama yeye. Nawajibu: Mathayo kasema walitoka mashariki, nasi tuko kusini.