Kupanda mlima Kahuzi: ni miezi gani inafaa?

Wakaaji wengi wa Bukavu wanauona mlima Kahuzi kwa mbali, lakini walioufika kileleni ni wachache. Mlima huo uko upande wa kaskazini-magharibi ya muji, ndani ya mbuga ya taifa ya Kahuzi-Biega, na una mita 3 308. Mwenzake Biega una mita 2 790. Anayetaka kupanda anapaswa kwanza kujua mvua na baridi ya kule juu.

Muda wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, ndio unaofaa zaidi. Wakati huo ukanda wa mvua unahamia kaskazini ya ikweta, na upepo mkavu unatoka kusini-mashariki. Mwezi wa tisa mvua inarudi, na inaendelea mpaka mwezi wa tano. Mwezi wa kwanza na wa pili inapungua kidogo tu, kwa sababu unyevu wa pori kubwa la Kongo uko karibu. Hapo ndipo Kivu inatofautiana na Kilimanjaro, ambako miezi hiyo watu wanapanda bila shida kubwa.

Kiangazi nacho kina kasoro yake. Moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi vinafunika anga, na kutoka kileleni ziwa linaweza kuonekana kwa shida.

Baridi je? Kila mita 1 000 unazopanda, joto linapungua digrii 6 hivi. Bukavu iko kwenye mita 1 500 karibu, kwa hiyo kileleni kuna baridi zaidi ya muji kwa digrii 11 hivi. Mtu aliyelowa, upepo ukimpiga, mwili wake unapoteza joto haraka, hata kama jua linawaka Kadutu. Beba koti la mvua, nguo kavu ya kubadili na viatu visivyoteleza. Pori la mianzi, kati ya mita 2 350 na 2 600, lina matope mengi muda wa mvua.

Saa ya kuondoka pia ni muhimu. Asubuhi jua linapasha joto udongo, unyevu unapanda, na baada ya saa sita mawingu yanajikusanya. Radi inapenda sehemu za juu. Anza mapema, ukumbuke kwamba saa kumi na mbili jioni giza linaingia. Ukisikia ngurumo, shuka, hata kama kilele kimebaki karibu.

Lakini hata kiangazi kizuri hakitoshi kama njia si salama. Mbuga hii iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997, na vita vya miaka hii vimeongeza hatari. Kabla ya kupanga safari, ulizia hali ya usalama kwa wahusika wa mbuga na kwa wakaaji wa Kabare. Usiingie bila mwongozaji. Mlima hautahama, unaweza kungojea mwaka mwingine.