Sabuni ya Nyumbani: Pima Kwanza

Nyumba isiyo na sabuni hujulikana upesi. Nguo za shule hufuliwa kwa maji matupu, vyombo hubaki na mafuta, na watoto hula kwa mikono iliyosuuzwa tu. Hapo ndipo magonjwa ya kuhara huingia. Basi akina mama wengi wangependa kujitengenezea sabuni yao wenyewe. Jambo hilo lawezekana, wala si gumu. Lakini lina sharti moja kubwa: kila kitu hupimwa kwa mizani, si kwa macho. Kibaba chafaa kupimia mtama, hakifai hapa.

Sabuni ni nini?

Sabuni huzaliwa na vitu viwili: mafuta na dawa kali iitwayo kostiki soda. Watu wa kale walitumia majivu. Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba watu wa Galia, ndiyo Ufaransa ya leo, walikuwa na kitu kilichoitwa sapo, kilichotengenezwa kwa mafuta ya wanyama na majivu. Mwaka 1823 Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, alitoa kitabu kuhusu asili ya mafuta, na tangu hapo jambo hili likaeleweka vizuri. Mafuta na kostiki vikikutana hubadilika, vikawa sabuni na gliserini.

Kipimo kikiwa sawa, kostiki yote huliwa na mafuta, haibaki. Ikizidi, ile iliyobaki hukaa ndani ya sabuni na kuunguza ngozi. Na kila mafuta yana kipimo chake. Kilo 1 ya mafuta ya nazi hula gramu 183 hivi za kostiki. Kilo 1 ya mawese hula gramu 141 hivi tu. Kwa hiyo usibadili mafuta bila kubadili kipimo. Wala usidhani kwamba magadi ya kulainishia maharage yatafanya kazi ile ile. Hayana nguvu ya kutosha.

Vipimo vya kuanzia

Mawese gramu 700, mafuta ya nazi gramu 300, kostiki soda gramu 145, maji safi gramu 330. Mawese huifanya sabuni iwe ngumu, nazi huipa povu. Kostiki tumeipunguza kidogo makusudi, ili mafuta kidogo yabaki na kuilinda ngozi. Maji nayo yapimwe kwa mizani. Kostiki iwe kavu, maana iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa na kupungua nguvu.

Kama huna mizani ndogo, akina mama wa jumuiya moja waweza kuchanga na kununua mmoja wa kutumia kwa zamu.

Vyombo

Shika sana neno hili: usitumie sufuria ya alumini. Kostiki huila alumini, hutoa moshi mbaya na gesi inayoweza kushika moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu, chombo cha enameli kisichobanduka, au cha chuma kisichoshika kutu. Mwiko uwe wa mti au plastiki. Vyombo hivyo visirudi tena jikoni. Vaa glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, nguo ya mikono mirefu na viatu. Fanya kazi nje, mahali penye hewa, watoto na mifugo wakiwa mbali.

Kazi yenyewe

1. Tia maji katika ndoo. Mimina kostiki ndani ya maji polepole huku ukikoroga. Usimimine maji juu ya kostiki kamwe, maana yaweza kulipuka na kukurukia usoni. Maji yatapata moto sana bila kuwekwa motoni. Usivute mvuke wake. Acha yapoe mpaka yawe vuguvugu.

2. Yayushe mafuta, uyaepue, nayo yawe vuguvugu.

3. Mimina maji ya kostiki katika mafuta kidogo kidogo. Koroga bila kuchoka. Kwa mkono yaweza kuchukua saa nzima. Mchanganyiko utakapokuwa kama uji mzito, na alama ya mwiko ikibaki juu yake, umekuwa tayari.

4. Mimina katika sanduku la mbao lililotandikwa karatasi ya nailoni. Funika kwa blanketi kuukuu siku nzima.

5. Vaa glavu tena, ukate vipande. Vipange kivulini penye upepo, visigusane, kwa muda wa majuma 4. Vipande vitapungua maji na kuwa vigumu. Mwenye haraka huharibu kazi hapa.

Ukikata ukaona maji yametuama ndani au chembe nyeupe kali, kipimo kilikosewa au hukukoroga vya kutosha. Usiitumie mwilini, wala usimpe jirani.

Mlinde mtoto

Kostiki iliyoyeyuka yafanana na maji. Mtoto akinywa funda moja, koo lake huungua, na kovu laweza kuziba njia ya chakula. Kwa hiyo usiiweke kamwe katika chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika moja. Iliyo kavu ifungwe katika mkebe wenye kifuniko, uandikwe SUMU, uwekwe kabatini kwa ufunguo.

Ikimwagika mwilini au machoni, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji mengi yanayomiminika kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali. Usipake siki wala ndimu. Mtu akiinywa, msukutulishe kinywa, usimtapishe, mpeleke hospitali mara moja.

Baada ya majuma 4 hayo, weka kipande cha kwanza karibu na choo pamoja na maji. Cha pili kiwe mahali pa kunawia kabla ya kula. Vingine vitafua nguo. Kuuza kutafuata, nyumba ikiisha kutosheka.